Trekta la Shemeji

20 Juni

Daktari wa mjini amenipima presha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani kipimo kimeharibika. Akauliza navuta sigara ngapi. Nikamwambia nimeacha. Akauliza chumvi. Nikasema kidogo. Akauliza ni nini basi kinachonipandisha damu namna hii. Mke wangu Nazife, aliyekuwa amekaa kando na mkoba wake magotini, akanijibia: "Matrekta, daktari."

Daktari akacheka. Nazife hakucheka. Akamweleza kwamba kila jioni narudi kutoka mkahawani mishipa ya shingo imenisimama kwa kubishana na watu wa buluu. Basi nimeamriwa: kila nikitaka kupiga kelele, niandike.

Haya, naandika. Mimi ni Sefer, mkulima wa ngano, kijiji cha Bozyaka, uwanda wa Konya. Sioni presha ikishuka.

21 Juni

Kijijini kwetu kuna watu wa aina mbili. Kuna wenye trekta la Demirkol, ambalo ni jekundu, na wenye Bereket, ambalo ni buluu. Kuna pia mzee mmoja mwenye trekta la kijani. Huyo tunamsalimia kwa upole kama mgonjwa.

Demirkol ni chuma. Ukiligonga linalia kama kengele. Bereket ukiligonga linalia kama kikaango cha mayai. Demirkol ukilipa dizeli yenye mchanga linakunywa na kushukuru. Bereket lataka kubembelezwa kama bibi harusi. Haya si maoni yangu, ndivyo mambo yalivyo. Baba yangu alikuwa na Demirkol, na langu mimi linaitwa Aslan, yaani simba, naye ana umri sawa na binti yangu Gülsüm aliyeolewa Ankara. Nimeandika "naye ana" kwa makusudi. Aslan si chombo tu.

Katika mkahawa wa İdris sisi wekundu tunakaa upande wa dirishani. Buluu wanakaa karibu na jiko. Wakati wa baridi wao wanapata joto, sisi tunapata heshima.

22 Juni

Joto. Nimekula tango bila chumvi. Hicho si chakula.

24 Juni

Leo nimekutana njiani na Rüstem, kaka yake Nazife, mkubwa wa watu wa buluu. Hakusema, sikusema. Hatujasemeshana tangu ule mwaka wa matope. Nilinasa, sikatai. Ardhi ilikuwa imegeuka uji, hata ndege angenasa. Rüstem akaja na Bereket lake akanivuta, jambo la kiungwana kabisa, halafu akapiga picha, jambo la kishenzi kabisa, akampelekea İdris, ikatundikwa ukutani chini ya saa. Tangu hapo kila nikitaka kujua ni saa ngapi lazima nijione nimenasa.

Jioni nilikaa na Durali. Durali ndiye mkubwa wetu sisi wekundu, na mimi na yeye tulitahiriwa siku moja, kitanda kimoja, tukalia sauti moja. Alinishika bega mbele ya watu wote. "Sefer, ndugu yangu," akasema, "sisi wekundu ni ukoo. Siku ukikwama, mimi nipo." Machozi yalinilengalenga. Nikatazama ukutani ili yasionekane, nikaiona ile picha, yakakauka.

28 Juni

Aslan amekohoa mara tatu karibu na kisima. Nimemwambia Nazife ni vumbi.

"Kama ni vumbi," akasema, "mbona mafuta yanadondoka?"

Wanawake hawajui mambo ya injini.

1 Julai

Aslan amezimika.

Angezimika shambani ningelivumilia. Amezimika mbele ya mkahawa, saa ya chai, pande zote mbili zimejaa. Kwanza ulitoka mlio kama mtu ameangusha kabati la vyombo, kisha moshi, kisha kimya. Katika kile kimya mtu mmoja wa upande wa jikoni akasema polepole, "Inna lillahi." Nilimsikia na ninamjua.

Fundi Hikmet alikuja na mkoba wake, akafungua, akachungulia, akavua kofia. Fundi akikuvulia kofia, usiulize bei, uliza uhai.

"Krenki, uti wa mgongo wa injini, imekatika, Sefer Agha," akasema. "Na spea ya modeli hii sasa ni ya kutafutwa kwa tochi. Nipe mwezi. Labda na nusu."

Mwezi! Mashine ya kuvuna inakuja shambani kwangu tarehe tisa. Wale vijana wa Adana wanaozunguka nayo nchi nzima hawamsubiri mtu. Watavuna, watamwaga ngano, wataondoka, na bila trekta la kuvuta tela ngano yangu itabaki chini ikingoja mvua na kunguru.

Durali akasimama. "Usiwaze kabisa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Kesho nakuletea langu na tela lake."

Wekundu wote wakapiga meza kwa viganja. Rüstem peke yake hakuinua kichwa. Alikuwa anaangalia glasi yake ya chai.

2 Julai

Durali hakuja. Tela lina pancha. Kesho.

3 Julai

Wakwe wa Durali wamemjia ghafla. Kesho.

4 Julai

Kesho.

6 Julai

Nimezunguka kwa wekundu wote, nyumba kwa nyumba. Kila mmoja yuko katikati ya mavuno yake, na kila mmoja amenikalisha, amenipa chai, ameniambia jinsi Demirkol lilivyo trekta la wanaume na jinsi sisi tulivyo kitu kimoja. Nimerudi tumbo limejaa chai na umoja. Trekta sikupata.

Nazife aliniuliza, "Na kaka yangu je? Ana mawili."

Nikamwambia heri nibebe ngano kwa kofia.

7 Julai

Mchana nilikuwa nimelala kidogo chini ya ukuta. Nikasikia injini inaingia uani. Nikainuka kwa furaha nikijua ni Durali.

Lilikuwa buluu. Aliyelikalia ni Nazife, kilemba chake kimefungwa nyuma ya kichwa, tela refu linamfuata. Akalipitisha langoni kinyumenyume, pale ambapo mimi na Aslan hugusa nguzo kila mwaka, akalisimamisha chini ya mforsadi wetu bila kuparuza hata jani, akazima.

Nikasimama kama nimemwagiwa maji. "Umejifunza wapi kuendesha?"

"Kwa baba yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu."

"Hukuniambia!"

"Hukuuliza, Baba Gülsüm."

"Haliwezi kukaa hapa. Watu wataliona."

"Basi beba ngano kwa kofia. Kofia yako ile pale."

Akaingia ndani kukanda unga. Nikabaki mimi na lenyewe. Lilikuwa limeoshwa likang'aa, mpaka ndani ya matairi. Nikalizunguka. Nikaligonga ubavuni kidogo. Halikulia kama kikaango, lakini labda nililigonga vibaya.

8 Julai

Nimepata ufumbuzi, na naandika kwa mkono mwekundu.

Asubuhi Nazife alikwenda kwa jirani kwenye zamu ya kuoka mikate. Mimi nikatoa lile gunia la udongo mwekundu anaotumia kupaka kizingiti na chini ya kuta. Unaukoroga na maji, unapaka, na mavuno yakiisha unaosha. Hakuna aliyeumia. Nilipaka boneti, nikapaka milango, nikapaka mpaka paa. Jina la mbele nikalifunika kwa kipande cha gunia. Kwa mbali, ukifinya macho, ni Demirkol. Nitasema nimeazimwa na binamu yangu wa Cihanbeyli, modeli mpya, bado hazijafika huku.

Nazife amerudi na mikate kichwani. Amelitazama trekta. Amenitazama mimi. Ameitazama ndoo. Hajasema neno. Amepakua chakula, amekula, amesali, amelala.

9 Julai

Mashine ya Adana imefika. Ngano nzuri mwaka huu, punje zimenona. Nazife: kimya.

10 Julai

Tela la kwanza. Nazife: kimya. Supu haina chumvi, lakini hiyo ni amri ya daktari. Nadhani.

12 Julai

Leo foleni ya ghala la nafaka la mjini ilifika hadi barabara kuu. Jua lilikuwa linachoma, turubai langu la pekee nimelitandika juu ya trekta badala ya juu ya ngano, kwa sababu ninapotokwa na jasho na kuegemea boneti, shati linakuwa jekundu.

Durali alikuwa mbele yangu. Akaja, mikono nyuma, akalizunguka.

"Mashallah! Hili ndilo jipya?"

"La binamu yangu."

"Liwashe."

Nikaliwasha. Durali akafumba macho. Akainamisha kichwa kama anasikiliza tarawehe. Wekundu wengine wakakusanyika.

"Sikilizeni," akasema. "Sikilizeni sauti ya mwanamume. Haipigi kelele, inazungumza. Haya niambieni, Bereket litatoa wapi sauti hii? Bereket linakohoa kama mvuta hookah. Hii ni Demirkol, ndugu zangu. Mtoto wa Demirkol anajulikana hata gizani."

Wote wakatikisa vichwa. Mmoja akasema ameiona tofauti hata kwenye harufu ya moshi.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Miaka yote nimeamini kwamba Durali ana sikio. Mimi mwenyewe nilisema nina sikio. Tulikuwa tunamtukana shemeji yangu kwa sikio ambalo hatuna.

Nazife alikuwa amekaa juu ya ngano. Kimya.

14 Julai

Asubuhi kulikuwa na umande lakini amewaka mara moja tu, bila kunung'unika.

Limewaka. Nilitaka kuandika limewaka.

15 Julai

Kiti cha trekta hili kinashuka na kupanda chenyewe kufuatana na mashimo. Mgongo wangu leo umeamka kabla yangu ukaniamkia. Sitalisema hili popote.

17 Julai

Naandika haya nikiwa nimevaa nguo kavu, kwa hiyo nianze mwanzo.

Tulikuwa kwenye foleni tena, matrekta kama arobaini, tela langu limejaa mpaka ukingoni. Hilo ndilo lilikuwa tela la shamba la mtoni, ngano yangu bora. Ghalani wanapima unyevu kwanza. Ikilowa wanairudisha, na ngano iliyolowa katika joto hili inachipua siku ya tatu. Nikaona upande wa mlima Karadağ mbingu imekuwa rangi ya bilinganya. Kisha upepo, halafu ile harufu.

Watu wakaanza kukimbia. Kila mtu anafunua turubai, anafunika tela, anafunga kamba. Mimi turubai langu lilikuwa juu ya trekta. Nikalivuta. Likanijia mikononi lote, zito, na matone ya kwanza yakaanguka, makubwa kama zabibu. Moja likaanguka kwenye boneti. Pale lilipoanguka pakawa na duara la buluu.

Nikalitazama lile duara. Nyuma yangu wapo wekundu, mbele yangu wapo wekundu, Durali yuko matrekta mawili mbele. Na nyuma kabisa, ndiyo kwanza namwona, Rüstem na Bereket lake la pili. Nilisimama na turubai mikononi, nikafanya jambo ambalo naliandika kwa sababu Nazife aliliona: nilipiga hatua moja kuelekea kwenye boneti.

"Sefer."

Alikuwa amesimama juu ya ngano, amelinyoosha gauni lake kwa mikono yote miwili kana kwamba ataikinga ngano peke yake. Siku tisa hajanisemesha. Na tangu Gülsüm azaliwe hajaniita kwa jina tupu.

"Chagua," akasema.

Nikalirusha turubai juu. Akalidaka. Tukalivuta, yeye huku, mimi kule, tukafunga kamba na upepo unatupiga makofi, na mvua ikafunguka kama mtu amekata gunia. Sikugeuka nyuma. Nilijua bila kugeuka, kwa sababu maji yaliyopita kati ya miguu yangu yalikuwa mekundu. Yalishuka kufuata foleni, trekta baada ya trekta, mto mwekundu, na watu wakawa wanatoa vichwa kutazama yanakotoka.

Mvua ya kiangazi haikai. Ilipokatika, jua likatoka, na pale katikati ya foleni ya wekundu likasimama Bereket, buluu kuliko lilivyotoka kiwandani, jina lake mbele limeandikwa kwa herufi za fedha, kipande cha gunia kinaning'inia pembeni kama ulimi.

Kisha yule wa trekta la kijani akaanza kucheka. Mzee huyo sijapata kumsikia hata akikohoa, leo alicheka mpaka akashikilia gurudumu. Baada yake foleni nzima. Watu waliteremka, walipigana migongo, mmoja alikaa chini kwenye matope.

"Durali!" mtu wa buluu akaita. "Hebu tusikilizishe tena sauti ya mwanamume!"

Durali akawa rangi ya yale maji. "Nilijua!" akapiga kelele. "Nilijua tangu siku ile! Nilikuwa nampima!" Halafu akanigeukia. "Umetuaibisha, Sefer. Wewe si wetu."

"Ulisema kesho, Durali," nikamwambia. "Kesho yako ina siku kumi na tano." Sikupiga kelele. Nilishangaa mwenyewe.

Rüstem alikuja kwa miguu kutoka nyuma. Nilijiandaa kwa kicheko chake. Hakucheka. Alipanda kwenye tela, akaangalia fundo moja la kamba lililolegea, akalikaza. Akashuka. Akapitisha kiganja juu ya boneti, kikatoka chekundu kidogo, akakipangusa kwenye suruali.

"Nililiosha kabla ya kumpa Nazife," akasema. "Nililiosha kwa sababu linakuja kwako." Akaondoka.

Afadhali angepiga picha.

Unyevu wa ngano ulipimwa, wakaipokea yote.

18 Julai

Kuna picha mpya kwa İdris. Sikuipiga mimi wala Rüstem. İdris anasema imeletwa na watu saba tofauti.

19 Julai

Upande wa dirishani kiti changu kimewekewa kofia ya Durali. Upande wa jikoni wamebanana ghafla. İdris aliniwekea kigoda karibu na magunia ya sukari. Chai ni ileile.

20 Julai

Nazife anaongea tena. Ameanza kwa kuorodhesha. Sitaandika yote, kalamu itaisha. La mwisho lilikuwa hili: "Kaka yangu alikuja hapa usiku wa harusi yetu akakubusu mashavu yote mawili. Wewe umempaka udongo usoni, halafu ukamkalia."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie hivyo hivyo ulivyo. Umekaa mdomo wazi. Anza na huo."

21 Julai

Nimelipeleka trekta kwa Rüstem, limeoshwa kwa sabuni, nimelala chini ya tumbo lake na mswaki nikatoa udongo kwenye viungo. Nilimkuta anapiga jembe nyundo.

"Shemeji, nimelirudisha."

"Ngano yako imekwisha?"

"Bado matela matatu."

"Sasa unarudisha nini?"

Nikaomba radhi. Ilitoka kwa shida, kama mtu anatapika mfupa, lakini ilitoka. Rüstem akaweka nyundo chini.

"Mimi sitaki radhi hapa kwenye banda, mbele ya kuku," akasema. "Tusi ulilitoa barabarani. Mavuno yakiisha, njoo kwa İdris, simama mbele ya watu, useme jambo moja zuri kuhusu Bereket. Moja tu. Halafu sisi tumemaliza."

Moja! Angeniambia nitembee mpaka Makka.

25 Julai

Tela la mwisho limekwenda. Alhamdulillahi.

Saa kumi alasiri lango likafunguliwa, akaingia Durali na Demirkol lake na tela tupu. "Nimekuja kubeba ngano," akasema bila kunitazama. Ua wote ulikuwa umefagiwa, kuku wanadonoa punje za mwisho. Sikumkasirikia, ingawa angekuja siku chache kabla ningemkasirikia sana. Nikamwita tunywe ayran, ule mtindi wa maji. Akanywa glasi mbili. Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo: mtu mwoga mwenye sauti kubwa, na mimi nilikuwa mwangwi wake.

"Kiti chako," akasema akiondoka, "nitaitoa ile kofia."

30 Julai

Najaribu sentensi. "Bereket lina taa nzuri." "Bereket lina rangi isiyopauka." Nazife anasema hii ya pili nisithubutu.

2 Agosti

Baada ya sala ya Ijumaa nilisimama kwa İdris. Nilikuwa nimechagua taa, kwa sababu taa hazimuumizi mtu.

Nikafungua mdomo, nikasema: "Kiti."

"Kiti kimefanya nini?" akauliza mtu.

Nikawaambia. Nikawaambia kiti kinavyoshuka na kupanda, na mgongo wangu ulivyolala usiku mzima kama wa kijana. Nikawaambia klachi inavyokubali kwa mguu mmoja bila kusimama juu yake kama unaua nyoka. Nikawaambia kile kivuli cha paa, na kwamba ndani yake unaweza kusikia ndege, mimi nilikuwa sijui kwamba shamba langu lina ndege. Nikawaambia mlima wa ghalani nilivyoupanda na tela limejaa bila kubadilisha gia. Chai zilipoa. Durali alijifunika uso na kofia. Watu wa buluu wenyewe walianza kuona haya, kama mtu anayesifiwa mkewe kupita kiasi.

"Inatosha, shemeji," Rüstem akasema. Nikaendelea na usukani. "Sefer, inatosha! Nilisema moja!"

Nikakaa. Ndipo Rüstem akasimama yeye, na hakuna aliyemwomba.

"Mwaka wa theluji kubwa," akasema, "mama yangu alipobanwa na kifua, nilikuwa na Bereket mawili uani na hakuna lililowaka. Hakuna buluu lililowaka kijiji kizima. Aslan ndiye aliyewaka. Sefer alimpeleka mama hospitali amemfunga mgongoni kwa blanketi. Mama akaishi miaka sita mingine." Akakohoa. "Mimi nikaona aibu kudaiwa na jekundu. Ule mwaka wa matope nilifurahi mno uliponasa, shemeji. Ndiyo maana nikapiga picha."

İdris akaanza kugawa chai ambazo hakuna aliyeagiza. Mimi na Rüstem tulikaa meza ya katikati, ambayo tangu zamani huwekwa magazeti tu. Tulipomaliza glasi ya kwanza alisema pampu ya maji ya Demirkol imekaa mahali pa kijinga. Tulibishana hadi adhuhuri ikawa alasiri. Nimerudi nyumbani mishipa ya shingo imesimama na sijui lini nilifurahi hivi.

15 Agosti

Krenki imepatikana. Aslan amewaka! Nimemrudisha Bereket kwa Rüstem. Ndiyo, nimeandika "nimemrudisha". Aachwe hivyo.

23 Agosti

Leo ilikuwa sherehe ya mwisho wa mavuno. Pilau na nyama kwenye masufuria makubwa, kisha mashindano: kurudisha trekta na tela kinyumenyume kati ya mapipa, bila kugusa, mpaka kwenye mstari. Durali aligonga pipa la kwanza, la pili, na la mwamuzi. Rüstem alipita safi. Mimi nilikuwa najifunga mkanda niende, Nazife akanipa mkoba wake. "Nishikie," akasema, akampanda Aslan.

Ikawa kazi kwa mashabiki. Wekundu walianza kushangilia Aslan, wakakumbuka aliyemkalia ni dada yake Rüstem. Buluu walianza kumshangilia dada yake Rüstem, wakaona anaendesha nini. Basi uwanja mzima ukanyamaza, na katika kimya hicho Nazife alirudi nyuma, shingo imegeuka kidogo, mkono mmoja kwenye usukani, kama anayefungua droo. Amekuwa wa pili. Sekunde chache tu nyuma ya kaka yake. Wanawake waliokuwa kwenye masufuria walipiga vigelegele mpaka pilau ikaungua.

Wakati wa kurudi nyumbani hakushuka kwenye kiti. Nilisimama pale na mkoba wake mkononi.

"Panda," akasema.

Nikapanda kwenye madigadi, juu ya gurudumu, pale ambapo yeye amekaa tangu tulipooana, kwenda shamba na kurudi, na Gülsüm mchanga mapajani, na kapu la chakula, na mimba ya pili ile ambayo haikukaa. Madigadi ya Demirkol ni chuma. Nilikuwa nikijisifia hivyo. Njia ya kutoka uwanjani hadi kwetu ina mashimo ambayo sikuwahi kuyajua, na yote niliyapokea moja moja. Nikamwambia apunguze mwendo. Hakusikia, Aslan ana kelele. Nikapiga ukelele. Akapunguza, akasema hivyo ndivyo alivyokuwa akinipigia mimi ukelele.

Tulipofika nimeshuka nikashindwa kunyooka. Nimeshikilia gurudumu nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakuomba hata mto wa kukalia.

Nazife alikuwa anafunga kilemba upya.

"Niliomba," akasema.